RAV4 ya 1998 inakulwa na kutu chini ya milango, nianzie wapi?

Himbi98:
Jambo bandugu. Niko na RAV4 ya 1998, motere iko sawa kabisa, lakini karosri njo inanihangaisha. Kule chini ya mlango wa shofere rangi ilianza kuvimba vipele vipele, nikasukuma na turnevisi ikaingia mpaka ndani. Mwaka uliopita tolie (fundi wa bati) mmoja aliweka masitiki na rangi juu, ikaonekana safi, mvua kupita tu ikapasuka pale pale na shimo sasa ni kubwa kuliko mwanzo. Mwingine ananiambia nipake mafuta ya vidanji, yale machafu yanayotolewa kwenye motere, chini yote basi. Hii gari njo inatulisha nyumbani, siwezi kuiuza. Mnielekeze kweli.

Tolie wa Majengo:
Pole kaka. Masitiki haiponyeshi kutu, masitiki ni ya kusawazisha chuma kizima, ukiiweka juu ya kutu inavuta unyevu na kuufungia hapo hapo, ndio maana imerudi. Na hiyo kutu yako haikuanzia nje, imetoka ndani. Ile sehemu chini ya mlango ni kama bomba la bati, iko na vitundu vya kutoa maji, matope na vumbi la barabara zetu vikiziba, maji yanalala ndani miezi. Ukiona kipele nje ujue ndani kumeshaoza.

Sasa, RAV4 ya miaka hiyo haina shasi ya pekee, karosri yenyewe njo inabeba uzito, kwa hiyo hapo si urembo, ni nguvu ya gari. Gonga na nyundo ndogo kote, sauti ikiwa nzito au bati ikibonyea, tolie akate mpaka afike kwenye chuma kinachong'aa, achomelee bati mpya. Asichomelee kiraka juu ya bati iliyooza, hata akikupunguzia bei. Akimaliza: apre ya epoksi (ile ya kwanza inayokinga chuma), rangi, halafu nta ya maji maji ipulizwe NDANI kupitia vile vitundu. Nta ni mwisho, ikitangulia moto utaiunguza.

Keshero_K:
Naongeza, hapa Goma tuko na shida yetu. Moshi wa volkano zetu, Nyiragongo na Nyamulagira, una salfa, ukikutana na mvua inakuwa asidi, tazameni tu mabati ya nyumba yanavyooza. Gari inayolala nje ioshwe na maji safi kila mara, hata kama inaonekana haina uchafu. Na mawe ya volkano yanachubua rangi ya chini, kutu inapata mlango. Zingine zilishakula chumvi ya barabara kule kwenye baridi, Ulaya ao Japani, mbele zifike hapa, kwa hiyo anayetaka kununua alale chini aangalie kwanza.

Papa Deo:
Mimi vidanji sikatai, bazee wetu walipaka na gari zilidumu.

Tolie wa Majengo:
Mzee Deo kwa heshima, inapunguza maji kidogo kweli, lakini inaosheka haraka, inashika vumbi, inalainisha mipira ya suspansio, na ikigusa freni ni hatari. Tena inadondoka chini kwenye udongo na watoto wanachezea hapo. Kama pesa ni kidogo heri grisi nzito sehemu zilizo mbali na mipira na freni.

Himbi98:
Aksante sana. Na zile sehemu kutu iko juu juu tu, bado haijatoboa? Nikate pia?

Tolie wa Majengo:
Hapana. Sugua na brosi ya waya, halafu msasa wa 80, ikibaki ile nyekundu kwenye vishimo pakaa dawa yenye asidi fosforiki, itageuka nyeusi. Fuata saa zilizoandikwa kwenye kopo, kisha apre siku ile ile, chuma tupu kikilala usiku mmoja na unyevu wa ziwa kutu inaanza upya. Fanya mwezi wa saba, mvua ni kidogo.

Na mbele ya kuchomelea: toa batri, inua tapi ya ndani, na mwambie aangalie tuyo za esanse na za freni zinapita wapi. Hizo za freni ni chuma pia. Ukikuta zimeoza, hizo njo za kwanza kubadilisha, mlango utangoja.

Keshero_K:
Utuwekee picha akishakata, tuone ndani kukoje.