Boriti za urembo zenye uwazi ndani: mbao gani, na kona zifungwe vipi?

Muulizaji:
Wakuu, habari zenu. Sebule iko Kigamboni, dari ni slabu ya zege, upana mita 4. Nataka boriti tatu za urembo, kila moja upana sm 18 na kimo sm 14, ndani wazi ili nipitishe waya za taa. Kuna paini, mtiki na mninga. Ipi itatulia kona zisiachie? Na nizifunge vipi juu?

Randa:
Mninga, kama mfuko unaruhusu. Husinyaa kidogo sana, na kona za boriti hizi mara nyingi huachia kwa sababu mbao imesinyaa. Mtiki nao umetulia, ila una mafuta: futa kingo kwa thina kabla tu ya kupaka gundi, la sivyo haishiki. Paini ya Sao Hill ni nyepesi na rahisi kuranda, lakini vifundo vyake hutoa utomvu unaopenya vanishi, na isipotiwa dawa mchwa wanaimaliza. Kwenye mninga na mtiki kataa ukanda mweupe wa pembeni. Hicho si kiini, na wadudu huanzia hapo.

Hakikisha mbao imekauka kufikia unyevu wa asilimia 12 hivi, hasa kama kuna kiyoyozi. Ukiranda hadi mm 20, boriti moja ya mninga ina kilo 21 hivi. Ingekuwa mbao nzima ingefika 64.

Fundi Kona:
Mkuu, pasua kingo kwa msumeno wa meza uliolazwa digrii 45 na nusu, usikae 45 kamili. Hapo ncha za nje hugusana kwanza na upenyo hubaki ndani. Ukiwa chini ya 45 upenyo hutokea nje, na chini ya vanishi hakuna kiraka kitakachouficha.

Panga mbao tatu (ya chini katikati, za ubavu pembeni) uso wa nje ukiwa juu, kingo zigusane, ubandike tepu ya karatasi kukatiza kiungo kila sm 15. Zigeuze, paka gundi ya mbao kwenye mifereji miwili, kisha kunja. Ndani weka vipande vya kushika mraba kila sm 60, kimo kisizidi sm 7, vyenye tundu la waya. Vitie gundi katikati ya ubao wa chini tu, upana upate kucheza.

Mbao nyingi dukani ni futi 12, yaani mita 3.66, kwa hiyo utaunga. Kata maungio kwa mshazari, na ya ubao mmoja yasikutane na ya mwenzake: yaachane angalau sm 60.

Dari na Zege:
Juu funga kwanza ubao wa kushikilia, unene sm 4, upana mm 137, kwa sababu nafasi ya ndani ni mm 140. Toboa zege kwa biti ya mm 8, weka plagi, kaza skrubu za mm 80 kila sm 50. Kama kuna jipsamu, skrubu zirefuke hadi zifike kwenye zege, jipsamu haibebi. Pandisha boriti, ikaze ubavuni kwa skrubu za mm 40, kisha ziba vichwa kwa vijiti vya mbao ileile. Ila boriti yenye maungio ya waya iache bila gundi kwenye vijiti hivyo, ili iweze kushushwa.