Naomba ushauri: faili imekwama parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) kwa kukosa karatasi na mafuta

Ndugu wapendwa wa Lubumbashi, mdogo wangu anatuhumiwa kununua pikipiki ya wizi. Ingawa kifungu cha 18 cha Katiba ya Kongo (DRC) ya 2006 kinakataza polisi kumshikilia mtu zaidi ya saa 48 bila kumwachilia au kumfikisha mbele ya mamlaka husika, faili yake ilifika parke siku ya nne. Huko tuliombwa karatasi na pesa ya mafuta ili mashahidi waitwe. Ninaelewa umaskini wa ofisi hiyo (nimeona mashine moja ya kuandikia ikihudumia watu wote), lakini mchango usio na risiti unatofautianaje na rushwa? Je, nimwandikie mwendesha mashtaka mkuu wa mahakama ya rufani, au nitangulize wakili, ili mdogo wangu asiongezewe siku za mahabusu kwa sababu yangu?