Bodaboda katumbukia kwenye shimo langu la karo, nadaiwa fidia. Naomba ushauri

Mzee wa Nondo: Wakuu habari za jioni. Nina kiwanja Chanika, nimenunua kihalali, karatasi zote ninazo. Nilikuwa nachimbisha shimo la karo. Juzi usiku bodaboda katumbukia, kavunjika mguu, shokapu za mbele zimepinda. Nduguze wamepeleka barua kwa mwenyekiti wa mtaa, wanataka milioni nne na nusu. Mimi sikumsukuma mtu. Mtu akijiumiza ndani ya eneo lako, sheria inasemaje? Natanguliza shukrani.

Mama Chapati: Umeshakwenda kumjulia hali hata na juisi mkononi? Mahakama baadaye.

Chipsi Kavu: Usilipe mkuu. Mimi jamaa alifungua kibanda cha chipsi jirani na changu, wateja wote wakahamia kwake, nikala mpaka mtaji. Wakili akaniambia hasara unayo, ila hujakosewa, mwenzio kafanya biashara halali. Eti Waingereza waliamua hivyo tangu 1410, kule Gloucester, mwalimu alipofungua shule akawachukulia wenzake wanafunzi. Kuumia tu hakumpi mtu kesi.

Mtoto wa Karani: Chipsi Kavu, yako ilikuwa ushindani, hii inanukia uzembe. Yanaulizwa haya: mwenye shimo alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu kwa huyo mtu? Aliukiuka? Mguu umevunjika kwa sababu hiyo? Mkataba si lazima. Scotland, 1928, mama mmoja alinunuliwa na rafikiye soda ya tangawizi, akasema chupani mlitoka konokono aliyeoza. Yeye hakununua chochote, lakini 1932 Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza enzi hizo, likasema mtengenezaji ana wajibu kwa mnywaji. Sasa mleta mada, shimo lilikuwa na uzio? Na bodaboda alifuata nini kiwanjani kwako usiku?

Mzee wa Nondo: Uzio sikuweka, mbao zingeibwa. Alikuwa anapita tu.

Mtoto wa Karani: Anapita wapi?

Mzee wa Nondo: Kuna kinjia kinakatiza, watu wamekizoea tangu sijanunua. Lakini kwenye ramani hakipo! Halafu sikuliacha wazi, nilifunika turubai nikamwaga mchanga juu lisipeperuke.

Fundi Bomba: Mkuu huo ni mtego wa nguruwe pori 😂

Mtoto wa Karani: Yaani umeficha shimo katikati ya njia unayojua watu wanapita. Hapo hati haikuokoi. Kama naye alizembea, fidia itapunguzwa kwa kadiri ya kosa lake. Gharama za matibabu na pikipiki dai risiti, mahakama haikubali makadirio ya mdomoni. Na ana miaka mitatu ya kufungua madai, usitegemee atasahau.

Mzee wa Nondo: Taa yake ilikuwa haiwaki, mashahidi ninao. Fundi nimeshamlipa alifukie kesho, na kijana wangu anakwenda kituoni kufungua kesi ya kuvamia eneo. Sirudi nyuma.

Mama Chapati: Mwenzio kafungwa hogo, wewe unamtafutia polisi? Mungu anakuona.

Mla Ubuyu: Ngojeni kwanza. Kinjia, turubai, taa mbovu, uvamizi, yaani mada zote za muhula zimo! Hili ni swali la mwaka wa kwanza wa sheria, "Mshauri Juma". Ada ulipe wewe, kazi tukufanyie sisi? Weka picha ya shimo.

Chipsi Kavu: Kweli bwana. Barua ina mhuri wa lini?

Fundi Bomba: Mimi nina swali moja. Mchimbaji umemlipaje?

Mzee wa Nondo: Kwa futi, na kusomba udongo analipwa mbali. Picha siweki, nduguze nao wamo humu.

Fundi Bomba: Hapo kwenye udongo kanimaliza. Huyu kachimbisha kweli.

Mla Ubuyu: Au ana mjomba fundi.

Mtoto wa Karani: Hata yule konokono hakuwahi kuthibitishwa, kesi iliisha kwa kupatana, na sheria tunaisoma mpaka leo. Mzee wa Nondo, ukifukia sasa utaonekana unaficha ushahidi. Weka uzio na taa leo hii, kisha kaeni kwa mwenyekiti mpatane kwa maandishi. Na kupita kwenye kinjia cha siku zote si jinai.

Mzee wa Nondo: Fundi amewahi, ameshaanza.

Chipsi Kavu: Kifusi kikipungua nicheki, ninacho tripu mbili.

Mama Chapati: Astaghfirullah.