Je, programu za kukuza sauti ya nyayo zikatazwe katika mashindano ya gemu za kompyuta?

Mtoa mada

Mwezi Agosti 2024 kampuni ya Valve ilitangaza kwamba, katika seva rasmi za gemu yake ya kufyatuliana risasi, Counter-Strike 2, mchezaji ambaye kibodi yake inamfanyia kazi ya kubadili mwelekeo badala ya vidole vyake ataondolewa mechini. Wengi tuliunga mkono uamuzi ule, kwa sababu ustadi wa kusimama ghafla kabla ya kufyatua hujengwa kwa miaka, na haikuwa haki uuzwe pamoja na kibodi. Tangu wakati huo nimekuwa nikijiuliza kwa nini tunakuwa wakali kwa vidole na wapole kwa masikio.

Ninazozizungumzia ni programu zinazokaa kati ya gemu na hedifoni na kuigeuza sauti kabla haijamfikia msikilizaji. Naomba tuzitenganishe mapema, maana mijadala ya aina hii huharibika kwa kuchanganya mambo mawili. La kwanza ni kusawazisha masafa, yaani wingi wa mitetemo ya sauti kwa sekunde, ambao huifanya iwe nzito au nyembamba: unapunguza besi, unaongeza kidogo sauti za kati na za juu, na uwiano huo unabaki vilevile sauti ikiwa ndogo au kubwa. La pili ni kubana sauti: programu inasikiliza muda wote, inainua kila kilicho hafifu na kukishusha kila kilicho kikubwa, mpaka nyayo za mtu aliye mbali zinakaribia kusikika sawa na mlio wa bunduki iliyo mkononi mwako. Windows yenyewe ina kisanduku cha kazi hiyo katika mipangilio ya kadi nyingi za sauti, na kukiwasha ni suala la kubofya mara moja.

Hoja yangu ni kwamba la kwanza liruhusiwe na la pili likatazwe katika mashindano yote, yakiwemo ya mchujo ambayo kila mtu huyacheza akiwa kwake. Waliotengeneza gemu walipoamua kwamba nyayo zififie kadiri adui anavyokuwa mbali, na kwamba mlipuko uzifunike kwa muda, walikuwa wakitunga kanuni ya mchezo, kama walivyotunga unene wa ukuta na muda wa moshi kutoweka. Anayerusha bomu ili kelele yake ifunike hatua za mwenzake anatumia mbinu halali, lakini anayebana sauti anaifuta mbinu hiyo bila kufanya lolote uwanjani.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mtoa mada, mgawanyo wako ni mwepesi kuutaja na mgumu kuusimamia, lakini nitaanza na jambo ambalo hukuligusa. Hakuna hedifoni inayotoa sauti kama ilivyotoka kwenye gemu. Kila moja ina mwinuko wake na bonde lake: ile iliyofungwa pande zote mara nyingi hujaza besi, na ile yenye matundu upande wa nje huachia hewa ipite na kwa kawaida huwa na besi nyepesi na uwanda mpana zaidi. Sennheiser HD 600 ilitoka mwaka 1997 kwa ajili ya wasikilizaji wa muziki, wala haikuwafikiria wachezaji wa gemu, na bado wapo wanaoipenda kwa kazi hii kwa sababu haivimbishi sauti nzito. Mwenye hedifoni nzuri tayari amekwisha kununua usawazishaji wake, na asiye nayo anauweka kwa programu ya bure kama Equalizer APO. Nafurahi kwamba hilo umeliruhusu, lakini nataka lielezwe vizuri, kwa sababu wengi huliharibu.

Kosa kubwa ni kuongeza. Mtu anasikia kwamba nyayo ziko kwenye masafa fulani, anayapandisha kwa desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kisha anashangaa sauti inakwaruza kila bunduki inapolia. Inakwaruza kwa sababu mawimbi yamezidi kiwango cha juu kabisa ambacho mfumo wa dijiti unaweza kukibeba, nayo yanakatwa vichwa. Njia iliyo salama ni kupunguza. Sikio la binadamu lina tabia hii: sauti nzito huzifunika sauti nyembamba zilizo juu yake kwa urahisi zaidi kuliko nyembamba zinavyoweza kuzifunika nzito. Kwa hiyo ukishusha desibeli 4 au 5 chini ya hezi 200 (mitetemo 200 kwa sekunde), mngurumo wa milipuko hupungua na mkwaruzo wa viatu kwenye changarawe hujitokeza wenyewe bila kuguswa. Ikiwa ni lazima uongeze, ongeza kidogo kati ya kilohezi 2 na 4, kisha shusha kiwango cha jumla kwa kiasi kilekile ulichoongeza ili mawimbi yasikatwe. Halafu acha kwa wiki nzima. Anayebadilisha kila baada ya mechi haupi ubongo wake nafasi ya kuizoea ramani ya sauti.

Kuhusu kubana, nitarudi baadaye.

Mchangiaji wa pili

Mimi napinga katazo kwa sababu moja tu: anayebana sauti anajiumiza mwenyewe, na hakuna haja ya kumwekea katazo mtu anayejinyang'anya silaha. Nilicheza na kisanduku hicho kikiwa kimewashwa kwa miezi kadhaa. Niliwasikia maadui wengi kuliko zamani, ni kweli, lakini wote walikuwa karibu. Aliyekuwa vyumba vitatu kutoka nilipo alisikika kama aliye nyuma ya mlango wangu. Nilikuwa nageuka, nasubiri, napoteza sekunde, na wakati huo mwenzangu anakufa upande wa pili. Ukubwa wa sauti ndiyo rula yetu ya umbali, na programu ile huivunja. Siku nilipokizima ndipo nilipoanza tena kujua nani wa kuogopwa na nani wa kupuuzwa.

Mchangiaji wa tatu

Naona mjadala umekaa kwenye nyayo kusikika, ilhali kwenye mashindano swali ni nyayo zinatoka wapi. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea bure.

Mwaka 1907 mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alieleza kwamba tunatambua upande wa sauti kwa njia mbili. Sauti nzito tunaipima kwa tofauti ya muda kati ya sikio moja na jingine, tofauti ambayo hata kwa sauti iliyo pembeni kabisa haifiki milisekunde moja. Ni takribani 0.6 hadi 0.7. Sauti nyembamba tunaipima kwa tofauti ya ukubwa, kwa kuwa kichwa huitilia kivuli. Wahenga walisema sikio halizidi kichwa, nasi tunaona kwamba bila kichwa sikio halijui hata upande. Lakini njia hizo mbili hazitoshi kutofautisha mbele na nyuma, wala juu na chini. Kazi hiyo hufanywa na mikunjo ya sikio la nje, ambayo hubadilisha masafa ya juu kulingana na pembe ambayo sauti imeingilia.

Hesabu zinazoiga kazi ya kichwa na mikunjo hiyo huitwa HRTF, na Counter-Strike 2 pamoja na gemu ya Valorant zinazo ndani yake. Gemu inajua mahali halisi alipo kila adui, kwa hiyo inaweza kuhesabu sauti ya kila hatua kutoka pale ilipo. Programu ya nje inayodai kuiga spika saba na moja ya besi haijui hilo. Inapokea njia nane za sauti zilizokwisha kuchanganywa, moja kwa kila spika, zote zikiwa katika usawa mmoja bila ya juu wala ya chini, kisha inajaribu kukisia. Mbaya zaidi ni kuziwasha zote mbili, kwani sauti iliyokwisha kupitishwa kwenye kichwa cha kubuni hupitishwa kwenye kichwa kingine, na mwelekeo unavurugika. Anayetaka kuboresha sauti aanze kwa kuchagua kimoja: HRTF ya gemu huku kompyuta ikiwa kwenye stirio ya kawaida, au programu ya nje huku ya gemu ikiwa imezimwa. Binafsi sijawahi kujuta kwa kuchagua la kwanza. Na tafadhali, asitumie hedifoni ya Bluetooth iliyotengenezwa kwa muziki, kwa kuwa nyingi huchelewesha sauti kwa zaidi ya milisekunde 100, na katika muda huo adui amekwisha kutokeza kwenye kona.

Kwa wanaodhani ugomvi huu ni mpya, mwishoni mwa miaka ya 1990 kadi za sauti za kampuni ya Aureal, zenye teknolojia ya A3D, ziliwapa baadhi ya wachezaji uwezo wa kutambua mwelekeo ambao wenzao hawakuwa nao. Kampuni hiyo ilifilisika mwaka 2000 na mali zake zikanunuliwa na mshindani wake Creative. Vifaa vilitofautiana kabla wengi wetu hatujashika kipanya.

Mchangiaji wa nne

Sikio langu la kushoto halisikii tangu utotoni. Yote aliyoyaeleza mchangiaji wa tatu kuhusu tofauti kati ya masikio mawili hayanihusu. Nikitumia stirio, adui wa kushoto hayupo kabisa, na ndiyo maana Windows ina chaguo la kuunganisha sauti ya kushoto na ya kulia kuwa moja, ambalo hunipa nyayo za pande zote bila kuniambia ni upande upi. Ili nifaidike nazo, huzibana sauti, kwa sababu nahitaji angalau kujua kwamba kuna mtu.

Katika gemu ya Fortnite lipo chaguo linaloonyesha sauti kwa alama kwenye kioo, na kwa mtu kama mimi lilikuwa ukombozi. Wachezaji wenye masikio mazima nao wakaligundua, wakalitumia, na wengine wakalalamika kwamba limekuwa silaha. Kwangu jambo muhimu ni kwamba watengenezaji waliliweka ndani ya gemu, kila mtu akaweza kuliwasha, na mimi sikulazimika kumwonyesha mtu yeyote cheti cha daktari ili nicheze. Katazo la mtoa mada, likipita kama lilivyoandikwa, litanifanya niombe ruhusa maalumu katika kila mchujo. Ningependa anijibu kuhusu hilo moja kwa moja.

Mchangiaji wa kwanza

Nimerudi kama nilivyoahidi, na nina mawili kuhusu kubana.

Mosi ni afya. Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kama kiasi ambacho mtu mzima asikivuke, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Mchezaji anayejiandaa kwa mashindano hufikisha saa hizo bila kutahamaki. Sasa asiyebana sauti hufanya nini ili azisikie nyayo hafifu? Anapandisha sauti yote, na kila anapofyatua bunduki masikio yake yanalipa. Kubana kwa kiasi, hasa kwa kushusha vilele, yaani sauti zilizo kubwa kupita nyingine, bila kuinua zilizo hafifu, ndiyo njia pekee ninayoijua ya kusikia kila kitu kwa kiwango cha chini. Mtoa mada anataka kukataza kinga pamoja na hila.

Pili, mfano wake wa kibodi hausimami. Mbonyezo wa kitufe hufika kwenye seva, ndiyo maana Valve iliweza kuupima na kumwondoa mtu. Sauti hufuata njia ya kinyume: ikishatoka kwenye gemu hairudi tena. Naweza kuibana ndani ya kadi ya sauti ya nje au amplifaya ya mezani, na hakuna programu ya kupambana na udanganyifu itakayoona chochote. Katazo lisiloweza kukaguliwa huwafunga waaminifu peke yao.

Mtoa mada

Nianze na mchangiaji wa nne, kwa kuwa ndiye aliyenisumbua zaidi. Nilipoandika nilikuwa na picha ya mchezaji mwenye masikio mawili yanayofanana, na hilo lilikuwa kosa langu. Siwezi kutetea kanuni inayomdai mtu cheti ili acheze mchujo.

Kwa mchangiaji wa pili, naamini kilichokutokea, lakini hakimalizi hoja. Katika raundi ambayo umebaki peke yako, kujua kwamba kuna mtu mmoja aliye hai upande ule ni habari kubwa hata kama hujui yuko umbali gani. Mchangiaji wa nne ametuambia hivyohivyo kutokana na maisha yake. Kwa hiyo kubana kunapoteza kitu na kunatoa kitu, na kile kinachotolewa kinatosha kuamua raundi.

Kuhusu ukaguzi nimeshindwa, nami nakubali. Katika ukumbi wa mashindano makubwa kompyuta kwa kawaida huwa za waandaaji, wachezaji huvaa visikilizio vidogo ndani na hedifoni kubwa juu yake zikipiga kelele ya kuwafunika watangazaji na mashabiki, na programu za nje hazisakinishwi kiholela. Pale kanuni yangu inatekelezeka. Kwenye mchujo wa nyumbani haitekelezeki, na sitaki sheria ya kuwabana waaminifu.

Kwa hiyo naibadilisha hoja. Counter-Strike 2 tayari ina chaguo la kubadili uwiano wa sauti nzito na nyembamba ndani ya gemu. Na liongezwe jingine, la kushusha vilele vya milipuko bila kuinua vilivyo chini, kiwango chake kikiwa kimewekwa na watengenezaji na kufanana kwa wote, nyumbani na jukwaani. Wenye haja maalumu wawekewe kuinua na alama za kioo humohumo, bila maswali. Programu za nje zizimwe jukwaani tu.

Mchangiaji wa nne

Hilo naliunga mkono, isipokuwa neno moja. Ukisema "wenye haja maalumu" halafu "bila maswali", maana yake ni kwamba kila mtu ataliwasha, kama ilivyotokea Fortnite. Mimi sina tatizo na hilo. Wewe je?