Kiungulia kinarudi kila mama anapoacha omeprazoli

Muulizaji, Kibaigwa
Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 61, ametumia omeprazoli ya miligramu 20 kwa zaidi ya mwaka mmoja, akijinunulia duka la dawa kila inapokwisha. Moto wa kifuani umetulia, lakini usiku maji bado yanampanda hadi kooni, na kila akiacha dawa kiungulia humrudia kwa ukali kuliko mwanzo. Shangazi anasema tumbo lisilo na asidi halisagi chakula. Je, ni kweli? Na je, mama ataimeza dawa hii maisha yake yote?

Mchangiaji, tabibu, Dodoma Mjini
Dada, pole kwa kuuguza. Omeprazoli huzima pampu zinazomwaga asidi tumboni, lakini haikazi msuli ulioko mwisho wa umio, ambao ukilegea huruhusu vilivyomo tumboni kupanda. Ndiyo maana maji yanapanda bila kuunguza. Shangazi hajakosea kabisa, kwa kuwa asidi ndiyo huamsha pepsini inayoanza kuvunja protini. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mmeng'enyo hufanyika kwenye utumbo mwembamba kwa vimeng'enya vya kongosho, hivyo chakula cha mama kinasagika. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni madini ya chuma na vitamini B12, ambavyo mwili huvipata kwa shida asidi ikipungua kwa muda mrefu. Sisi tunaokula ugali wa uwele kwa mlenda, na nyama kwa nadra, hutegemea chuma ya mimea, na hiyo ndiyo inayohitaji asidi zaidi. Naomba apimwe wingi wa damu. Maji ya kunywa nayo yachemshwe, maana asidi huua vijidudu vingi kabla havijafika utumboni.

Mchangiaji, mfamasia, Mpwapwa
Naongezea juu ya kuacha. Asidi ikizimwa, mwili huzidisha homoni ya gastrini ili kuirudisha. Dawa ikikatwa ghafla, asidi hufurika kwa wiki kadhaa. Mwaka 2009 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya watu wazima wasio na maradhi ya tumbo waliopewa esomeprazoli, dawa ya kundi hilohilo, kwa wiki 8: baada ya kuacha, asilimia 44 walipata dalili kama kiungulia, dhidi ya asilimia 15 ya waliomeza vidonge visivyo na dawa. Kwa hiyo ukali anaouona mama huenda ukatokana na kuacha kwenyewe, na tabibu anaweza kumpunguzia dozi polepole. Ila akimeza kwa shida, akikonda au akipata choo cheusi, awahi hospitali bila kungoja.

Muulizaji, Kibaigwa
Nawashukuru sana. Nimemuuliza mama, kumbe humeza kidonge baada ya chakula cha usiku na kulala papo hapo.

Mchangiaji, mfamasia, Mpwapwa
Basi aanze hapo, dada. Kidonge kimezwe nusu saa kabla ya kula, kwa sababu chakula ndicho huziamsha pampu hizo, na dawa huzima zile zilizoamka tu. Alale baada ya kupita muda wa saa 3 tangu alipokula, na miguu ya kitanda upande wa kichwani iinuliwe kwa matofali.