Msitu wa Pugu na mkaa wa Dar: tuufunge msitu au tuuzuie mkaa?

Mtembezi wa Gongo la Mboto
Wadau, salaam. Jumamosi nilikwenda na wanangu wawili Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi. Tuliwangoja popo watoke kwenye yale mapango ya zamani ya kaolini, na walipoanza kumiminika jua likizama, hata yule mdogo asiyenyamaza alinyamaza. Wakati wa kurudi, hatua chache nje ya njia, nikakuta tanuri la mkaa limefukiwa udongo, moshi mwembamba unatoka ubavuni. Pembeni kisiki cha mkongo, bado kibichi. Nilishindwa kumjibu mwanangu aliponiuliza nani kaukata. Msitu huu unalindwa tangu enzi za mkoloni, na ni mwendo wa daladala tu kutoka mjini. Je, TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, wauzungushie uzio na kuwafunga wachoma mkaa, au serikali izuie mkaa kuingia Dar? Mimi nasema uzuiwe mjini. Pasipo mnunuzi hakuna tanuri.

Kijana wa Tabata
Naunga mkono mkuu. Gesi siku hizi ipo kila mtaa. Hawa mama ntilie wamezoea mkaa tu, hawataki kubadilika. Wao ndio wanaoumaliza msitu.

Mama Shukuru, Buguruni
Mwanangu wa Tabata, nimezoea nini? Naamka saa 9 usiku kuinjika maharage ili saa 1 asubuhi mafundi gereji wapate supu, chapati na maharage kabla ya kazi. Gesi nimeijaribu. Mtungi wa kilo 6 haukumaliza wiki, ukanikatikia wali ukiwa haujakauka. Mkaa nikiwa na elfu 2 napimiwa makopo ya elfu 2. Gesi ya elfu 2 nani ananiuzia? Watoto watatu wamesoma kwa jiko hilo. Usiniite mharibifu.

Kijana wa Tabata
Shikamoo mama. Sikukutaja wewe.

Mama Shukuru, Buguruni
Marahaba. Umesema mama ntilie. Mimi ni mama ntilie.

Msomi wa Misitu
Ndugu zangu, naomba tusisahau kinachopotea. Pugu kuna komba wa Rondo, mdogo kiasi cha gramu 60, mkia wake kama brashi ya kusugulia chupa. Duniani kote anapatikana Tanzania tu, kwenye vipande vichache vya misitu ya pwani: Rondo kule Lindi, Pande hapa Mabwepande, na vingine vya kuhesabu. Miti ikikatwa hana pa kuhamia. Halafu mto Msimbazi unaanzia milima hiyohiyo ya Pugu. Kilima kikibaki uchi, mvua haizami ardhini, inashuka na tope lote mpaka bonde la Jangwani pale mjini. Wanaohama nyumba kila masika pale bondeni wanahusika na mjadala huu kuliko sisi sote.

Konda Mstaafu
Mama Shukuru umenena. Hata mke wangu anasema maharage ya gesi hayana ladha.

Fundi Majiko, Ilala
Ladha ni viungo, kaka. Mama, nakuomba unisikilize kwa heshima. Maharage yaloweke usiku, kisha tumia sufuria ya presha ya umeme. Kilo moja inaiva chini ya saa moja na haimalizi uniti moja ya LUKU. Na ipo mitungi yenye mita, unalipia kidogo kidogo kwa simu, ingawa haijafika mitaa yote.

Mama Shukuru, Buguruni
Kilo moja? Mimi napika kilo 5. Na umeme ukikatika saa 10 alfajiri, wale mafundi niwaambie nini?

Mzaliwa wa Kisarawe
Mimi nimechomwa na hilo neno "wachoma mkaa" na kufungwa. Kila msitu ukikatwa macho yanatugeukia sisi wa Kisarawe tunaopakana nao. Bibi yangu alituchapa kwa kukata mti mbichi. Kuni zilikuwa zile zilizoanguka zenyewe. Pikipiki zinazopita kwetu usiku na viroba vitatu mgongoni zinaelekea mjini kwenu. Anayevipokea hakamatwi.

Mtembezi wa Gongo la Mboto
Ndugu wa Kisarawe, nisamehe, sikulenga wenyeji. Na hicho ulichosema ndicho nilichoandika: tuanze na mjini.

Konda Mstaafu
Kuna mwaka mkaa ulipigwa marufuku, nadhani 2006. Haikudumu. Bei ilipaa, watu wakalalamika, ukarudi.

Kijana wa Tabata
Sasa hivi kuna mkakati wa taifa, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mama, nimekosea kusema hamtaki kubadilika. Lakini hadi 2034 ule msitu utakuwa umebaki?

Mama Shukuru, Buguruni
Hapo umeuliza la maana. Mimi pia nilikulia karibu na Pugu, tulikuwa tukichuma mabungo kule. Fundi wa Ilala, lete hiyo sufuria Jumatatu, lakini iwe kubwa. Maharage nitaloweka mimi. Ikiivisha kilo 5 kabla ya saa 12 nainunua, hata kwa kudunduliza.

Fundi Majiko, Ilala
Ninayo ya lita 12, tutapika kwa awamu mbili. Saa 10 alfajiri nitakuwa hapo. Nielekeze mtaa.