Ushauri: Mwaka mmoja Leiden katikati ya shahada ya sheria, niende au nibaki?

BintiTanga
Shikamooni wakubwa, habari zenu wengine. Nipo Leicester, mwaka wa pili wa LLB. Tulihamia Uingereza nikiwa na miaka 11, bado nina pasi ya Tanzania na kibali cha kudumu cha kukaa hapa. Wiki iliyopita nimepata barua ya chuo kwamba nimechaguliwa kusoma mwaka wa tatu Leiden, Uholanzi, kisha nirudi kumalizia wa nne.

Baba hataki. Wala hajagomba. Juzi alitoka zamu ya basi, akakaa mezani koti likiwa bado mwilini, akaniuliza, "Mwaka mzima zaidi, halafu unarudi na cheti kilekile?" Nilikosa jibu. Mdogo wangu naye anaingia chuo mwakani, na nilitegemewa niwe nimeshaanza kazi. Naogopa gharama, naogopa alama zangu kushuka, na kuna anayeniambia nitapoteza kibali. Lakini moyo unaitaka sana nafasi hii. Natakiwa kujibu kabla ya Ijumaa ijayo. Naombeni msaada wenu.

Kibatari
Mdogo wangu, usithubutu. Ukikaa nje mwaka mzima kibali kinakufa.

MzeeWaMabaraza
Kibatari, hapo unamtisha mtoto wa watu bure. Kibali cha kudumu cha kawaida kinapotea ukikaa nje ya Uingereza zaidi ya miaka 2 mfululizo. Wanaopaswa kuhofia mwaka mmoja ni wale ambao bado wanahesabu miaka ili wakipate, maana wengi wao hawaruhusiwi kuzidisha siku 180 nje ndani ya miezi 12.

Binti, kinachokugusa wewe ni uraia, kama una nia ya kuuomba. Ndani ya miaka 5 kabla ya kuomba usiwe umekaa nje zaidi ya siku 450, na katika miezi 12 ya mwisho usizidi 90. Kwa hiyo ukirudi kutoka Leiden utasubiri kidogo kabla ya kupeleka maombi. Na unajua Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo hilo ni la kukaa na wazazi kwa utulivu, usilifanye kwa haraka ya safari.

Jingine: kibali cha Uingereza hakikuingizi Uholanzi. Kwa pasi ya Tanzania utahitaji viza ya kukaa muda mrefu, wao wanaiita MVV, na chuo cha kule ndicho kinachokuombea. Wajibu mapema.

MamaZu
Nipo Den Haag (The Hague), hukuhuku Uholanzi, mwaka wa tisa sasa. Chumba ndicho kitakachokutoa jasho. Chuo kikikupa nafasi ya kuomba makazi kupitia kwao, lipa siku hiyohiyo, usiseme nitatafuta nikifika. Na usimtumie mtu yeyote amana kwa chumba ambacho hakuna aliyekiona kwa macho.

Usitegemee kazi ya kukutunza. Mwanafunzi wa pasi yetu anaruhusiwa saa 16 kwa wiki, au muda wote Juni hadi Agosti, tena mpaka mwajiri aombe kibali. Ukishaajiriwa, bima ya afya ya Uholanzi inakuwa lazima, na hiyo inakula mshahara. Ukifika niandikie, Jumapili tunapika pilau.

Mwanasheria_Pangani
Dada, mimi nilikuwa Leiden mwaka 2013. Nilitoka chuo kingine cha Uingereza kwa mpango kama wako.

Ada kwanza, umwoneshe baba. Kwa wanaolipa ada ya wenyeji England, mwaka mzima wa nje hautozwi zaidi ya asilimia 15 ya ada ya juu. Kwa 2025/26 ni pauni 1,430 badala ya 9,535. Mkopo wa kujikimu nao una kiwango cha wanaosoma ng'ambo. Kuhusu alama, Waholanzi wanasahihisha kwa 10 na hawagawi 9 ovyo. Chuo chako kikueleze kwa maandishi kama alama za kule zinaingia kwenye daraja lako la mwisho au wanataka ufaulu tu. Usikubali jibu la mdomo.

Sasa la cheti. Uingereza umefundishwa mkataba ni maneno yaliyoandikwa. Kule walituanzishia kesi ya Haviltex ya 1981: mahakama yao ya juu kabisa ilisema haitoshi kuyasoma maneno peke yake, unatazama kila upande ungeweza kutarajia nini kwa mwenzake. Nilikasirika wiki nzima. Leo natetea mikataba ya wasafirishaji wa Ulaya na Dar, na swali lile natembea nalo kila siku.

Den Haag ni robo saa tu kwa treni. Mwaka ule kesi ya Wakenya Ruto na Sang ilikuwa inaanza ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Ukumbi wa wasikilizaji ni bure, unaonesha kitambulisho, unakaa nyuma ya kioo, unavaa vipokea sauti. Shahidi alifichwa kwa pazia, sauti imebadilishwa na mashine, lakini Kiswahili kilikuwa kilekile cha nyumbani, na mkalimani akimfuata kwa Kiingereza. Kuna neno lilipita ambalo tafsiri yake haikukaa sawa. Nilitaka kusimama niseme. Siku hiyo ndipo nilipojua nataka kuwa wakili wa aina gani.

BintiTanga
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimemsomea baba uzi wote. Kwenye pauni 1,430 aliniambia nirudie. Kesho asubuhi naandikia ofisi ya kitivo kuhusu alama, wakinijibu vizuri nakubali nafasi. MamaZu, nitakutafuta inbox kuhusu chumba.

Mwanasheria, baba anauliza kama kwenye ule ukumbi mzazi naye anaruhusiwa kuingia.